Vita Vikuu Viliacha Nini Iringa na Mbeya?

Wasomaji wetu, karibu kila mtoto wa shule aweza kutaja miaka ya vita vikuu viwili vya dunia: vya kwanza vilianza mwaka 1914 vikaisha mwaka 1918, na vya pili vilianza mwaka 1939 vikaisha mwaka 1945. Aweza pia kueleza jinsi mrithi wa kiti cha Austria alivyouawa mjini Sarajevo, na jinsi majeshi ya Ujerumani yalivyoingia Poland. Lakini mwulize mtoto huyo: Je, vita hivyo viliacha nini Uhehe, Ubena, Usangu, Usafwa na Unyakyusa? Mara nyingi hunyamaza, na huenda mwalimu wake akanyamaza pamoja naye.

Neno hili si dogo. Vita ambavyo hapana mtu hata mmoja wa nchi hizi aliyevianzisha viliwatoa watu majumbani mwao, vikabadili mwenye kutawala, mwenye shamba, na hata fedha iliyofungwa katika pindo la nguo. Kwa hiyo katika somo hili twataka kuvipima vita kwa kipimo kingine. Hatutauliza kwanza ni nani aliyeshinda. Tutauliza: Ni nani aliyebeba mzigo, na jina lake liliandikwa wapi? Tukilifuata swali hilo moja tutaona njia nzima, tangu mpagazi wa mwaka 1916 mpaka raia wa mwaka 1961.

NCHI KABLA YA VITA

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba nchi hizi hazikuwa zimepumzika. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliliangamiza jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani, pale Lugalo, na mkuu wake Zelewski akafa palepale. Wadachi walirudi na nguvu zaidi. Boma la Kalenga likaanguka mwaka 1894, na Mtwa Mkwawa, baada ya kuwindwa porini kwa miaka, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asije akakamatwa hai. Kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa. Msomaji na akiweke akilini kichwa hicho, maana tutakutana nacho tena.

Kisha mwaka 1905 vikazuka vita vya Maji Maji, ambavyo vilifika hata Ubena. Serikali ya Wadachi iliwashinda watu kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Basi mtoto aliyezaliwa katika njaa ile alikuwa hajatimiza miaka kumi vita vya Ulaya vilipoanza. Wazee wake walikuwa ndiyo kwanza wanajenga upya nyumba na kuongeza mifugo.

VITA VILIVYOFIKA

Mwanzoni mapigano yalikuwa mbali. Watu wa Unyakyusa walisikia habari za vita vya Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Nyasaland, mwezi wa Septemba 1914. Lakini sehemu kubwa ya Iringa ilikaa kimya. Mwezi wa Mei 1916 mambo yakageuka. Majeshi ya Waingereza chini ya Jemadari Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Tukuyu, mji ambao Wadachi waliuita Neu-Langenburg, ulitwaliwa mwishoni mwa mwezi huo. Mwezi wa Julai wakapigana Malangali, na tarehe 29 Agosti 1916 Waingereza wakaingia Iringa.

Mtu angedhani kwamba vita vimekwisha. Sivyo. Tabora ilipochukuliwa na Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916, Jemadari Wahle aliwaongoza askari wake kurudi kusini, apate kuungana na wenzake wa upande wa Mahenge. Njia yake ilipita Iringa. Basi mwezi wa Oktoba na Novemba mapigano yalirudi Ngominyi, Lupembe na Malangali, mahali palepale palipokwisha kupigwa vita. Mwaka 1917 Kapteni Wintgens alitoka katika nchi hizi na kikosi chake akaenda kaskazini mpaka upande wa Tabora. Na mwezi wa Oktoba 1918 Jemadari von Lettow-Vorbeck, akitoka Msumbiji, alipita Ubena na watu wake wakielekea Rhodesia ya Kaskazini. Huko ndiko walikoweka silaha chini, mjini Abercorn, ambao sasa huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya mizinga kunyamaza Ulaya.

Maana yake ni nini kwa mtu wa kijijini? Maana yake ni kwamba kijiji kimoja kiliweza kupitiwa na majeshi mara mbili au tatu, leo ya huyu na kesho ya yule. Kila jeshi lilitaka mahindi, mtama, ng'ombe na watu. Aliyempa chakula Mdachi aliogopa kuonekana adui wa Mwingereza, na aliyemwonyesha njia Mwingereza aliogopa Mdachi asirudi. Wahenga walikwisha kusema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

HESABU YA MPAGAZI

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe. Reli zilikuwa mbili tu katika nchi nzima, ile ya Tanga hadi Moshi na ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, na zote mbili zilikuwa mbali na nyanda hizi za juu. Farasi, punda na maksai walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Magari yalikuwa machache, na wakati wa masika yalizama katika matope. Kilichobaki ni kichwa na bega la mwanadamu.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Tuseme mpagazi mmoja achukua ratili 50 za unga, naye hula ratili 2 kila siku. Aenda safari ya siku 10 mpaka walipo askari, kisha arudi siku 10. Katika siku hizo 20 atakuwa amekula ratili 40. Zitakazomfikia askari ni ratili 10 tu. Askari naye akila ratili 2 kwa siku, basi mzigo mzima wa mtu aliyetembea siku 20 wamlisha askari mmoja kwa siku 5. Tukitaka kulisha askari 1,000, kila siku lazima wafike wapagazi 200. Na kwa kuwa kila mmoja wao yuko njiani siku 20, lazima wawepo wapagazi 4,000 wakati wote. Na hapo hatujahesabu risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, mahema, dawa, wala majeruhi waliochukuliwa kwa machela.

Akiisha kufanya hesabu hiyo, mwanafunzi ataelewa kwa nini majumbe waliamriwa kutoa watu, na kwa nini vijana walikimbilia porini walipoona askari wanakuja kijijini. Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika ya Mashariki, kutoka nchi nyingi, na kwamba karibu 100,000 kati yao walikufa. Upande wa Wadachi nao ulichukua watu kwa maelfu, wanaume na wanawake. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na baridi ya milimani kwa mtu mwenye kipande kimoja cha nguo. Wengine waliuawa na chakula wasichokizoea. Aliyekua kwa ndizi alipewa unga wa mahindi, pengine bila chungu cha kuupikia wala muda wa kuuivisha, na tumbo lake likashindwa.

Na majina yao? Wengi miongoni mwa hao hawakuandikwa mahali popote ambapo mjukuu aweza kwenda kusoma. Mjini Iringa yapo makaburi ya vita ambayo yatunzwa vizuri, yenye mawe yaliyoandikwa majina. Dar es Salaam ipo sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na maandishi yake yawakumbuka wapagazi pia, lakini wote kwa pamoja, bila jina la mtu. Mwaka 2021 chombo kinachotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola kilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika utumishi wa Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi katika Bunge lake mwaka huohuo. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja.

NJAA, MAFUA NA FEDHA

Vita vilipokwisha, kifo hakikwenda na askari. Mwishoni mwa mwaka 1918 ulifika ugonjwa wa mafua makali uliozunguka dunia nzima. Meli, reli na njia za wapagazi ndizo zilizouchukua, na watu waliokwisha kudhoofika kwa njaa hawakuwa na nguvu za kushindana nao. Upande wa kaskazini, Ugogo, njaa kubwa iitwayo Mtunya ilikuwa imeanza. Majeshi yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima, na mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba.

Fedha nayo iligeuka. Wadachi walipofungiwa bahari na meli za Waingereza, walipiga chapa noti za karatasi katika nchi hiihii wapate kulipa askari na kununua vyakula. Utawala wao ulipoanguka, noti hizo ziliwabaki watu mikononi. Kisha rupia ikaondolewa, na shilingi ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mtu aliyeuza ng'ombe wake kwa noti za mwaka 1916 alijifunza jambo ambalo hapana shule iliyomfundisha: thamani ya karatasi ni nguvu ya yule aliyeitia sahihi.

KICHWA KILICHOINGIA KATIKA MKATABA

Sasa turudi kwenye kile kichwa tulichokiacha. Katika vita Wahehe wengi waliwasaidia Waingereza, nao hawakuwa wamesahau kilichofanyika mwaka 1898. Mwaka 1918 Horace Byatt, ambaye aliitawala nchi kwa niaba ya Waingereza, aliishauri serikali ya London kwamba kichwa cha Mkwawa kidaiwe na kurudishwa. Kwa kufanya hivyo Wahehe wangefurahi, na watu wote wangeona kwamba utawala wa Wadachi umekwisha kweli.

Shauri hilo lilikubaliwa. Tarehe 28 Juni 1919 wakubwa wa dunia walitia sahihi Mkataba wa Versailles, nchini Ufaransa, na katika kifungu cha 246 iliandikwa kwamba Ujerumani itoe fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Kifungu hichohicho chataja pia Kurani ya Khalifa Othman, ambayo ilipasa kurudishwa kwa Mfalme wa Hijazi. Hivyo jina la Mtwa wa Kalenga liliwekwa katika karatasi ileile iliyogawa mipaka ya Ulaya.

Lakini miezi sita ikapita, na miaka 30 ikapita. Fuvu halikurudi mpaka tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolileta Kalenga kutoka makumbusho ya Bremen, akalikabidhi kwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, aliyekuwa chifu wa Wahehe.

Hapa yafaa tusimame kidogo tufikiri. Mkataba mkubwa wa dunia ulihesabu kichwa kimoja cha Iringa, na ilikuwa haki, maana kichwa kile kilikuwa cha mtu aliyeipigania nchi yake. Lakini vichwa vilivyobeba unga na risasi kutoka Tukuyu hadi Iringa, na kutoka Iringa hadi Mahenge, havikutajwa katika kifungu chochote. Mkwawa alikuwa na watu wa kumdai. Mpagazi hakuwa na wa kumdai ila mama yake.

MTAWALA MPYA, SHAMBA JIPYA

Mkataba uleule uliwanyang'anya Wadachi makoloni yao yote. Rwanda na Burundi zilipewa Wabelgiji. Nchi iliyobaki ikapata jina la Tanganyika mwaka 1920, na mwaka 1922 Baraza la Mataifa likaiweka rasmi mikononi mwa Waingereza kama amana. Neno hilo, amana, lilikuwa na uzito kuliko wengi walivyodhani wakati huo. Mwenye mali yake hafanyiwi hesabu na mtu, lakini mwenye amana hutoa hesabu. Kila mwaka Waingereza walipaswa kupeleka Geneva taarifa ya jinsi walivyoitawala Tanganyika. Watu wa vijijini hawakuisoma taarifa hiyo, wala hawakuulizwa kabla haijaandikwa. Hata hivyo mlango mdogo ulikuwa umefunguliwa.

Nyumbani, utawala ulibadilika kwa namna nyingine. Wadachi walitawala sehemu nyingi kwa maakida. Gavana Donald Cameron, aliyekuja mwaka 1925, alitaka kutawala kwa kupitia masultani wa kienyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa mabaraza na hazina zao. Mtwa, Mwene na Malafyale wakapata tena cheo, lakini ni cheo chenye kamba: yeye ndiye aliyekusanya kodi, na yeye ndiye aliyetakiwa kutoa watu wa kazi. Uzito wa kamba hiyo ulionekana vita vya pili vilipokuja.

Mashamba nayo yalipita kutoka mkono hadi mkono. Mali ya Wadachi iliuzwa baada ya mwaka 1918 kama mali ya adui. Mwaka 1925 Wadachi waliruhusiwa kurudi, na wengi wakalima kahawa Mbozi na chai Mufindi. Mwezi wa Septemba 1939 vita vikaanza tena. Wanaume wa Kidachi wakakamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali ya adui, kisha yakapewa watu na makampuni mengine kuyaendesha. Mara mbili katika miaka 25 ardhi ilibadili mwenyewe kwa sababu ya vita vya Ulaya, na mara zote mbili aliyelima jirani, ambaye babu yake alichunga hapo, hakuulizwa neno.

Katika misheni, hata hivyo, vita vilileta jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Wadachi wa Kimoraviani wa Rungwe na wa Misheni ya Berlin wa Ubena waliondolewa katika vita vya kwanza. Waskoti walikuja kutoka Livingstonia kusaidia, na Wakatoliki wa Tosamaganga wakapata mapadre wa Consolata kutoka Italia mwaka 1919. Lakini wageni hao walikuwa wachache, na vijiji vilikuwa vingi. Walioshika shule na ibada ni walimu na wazee wa Kiafrika wenyewe. Vita vya pili vilipowaondoa tena wamisionari wa Kijerumani, kazi ikawaangukia wao mara ya pili. Hivyo walionekana hadharani kwamba waweza kuongoza, kuweka daftari na kutunza fedha za watu.

ASKARI, MANAMBA NA WAKIMBIZI

Katika vita vya pili hapakupigwa bunduki Iringa wala Mbeya. Vijana ndio waliokwenda vitani. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wakapelekwa Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, miongoni mwao askari wengi wa Afrika ya Mashariki.

Askari hawa hawakuwa kama wapagazi wa mwaka 1916. Walikuwa na namba, kitabu cha mshahara na anwani. Waliweza kutuma fedha na barua nyumbani. Wengi walijifunza kusoma na kuandika jeshini. Na Mhehe, Msukuma na Myao walisemezana kwa Kiswahili katika handaki moja. Waliona pia kwamba Mzungu naye huogopa, huumia na hufa.

Wengine walichukuliwa kwa kazi. Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Malaya, Java na Ufilipino, na kwa hiyo mpira, mkonge na katani vya huko vikawakosa Waingereza na marafiki zao. Mkonge wa Tanganyika ukawa kitu cha vita. Hata pareto, ua dogo lililolimwa kwenye baridi ya nyanda hizi, lilitakiwa kwa dawa ya kuua mbu na chawa wa askari. Serikali ikatumia sheria ya kulazimisha watu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na makampuni, na kwa muda wa vita waliochukuliwa hivyo katika Tanganyika walizidi 80,000. Aliyeagizwa kuwatoa ni yule sultani mwenye cheo chenye kamba. Akikataa, alionekana mbaya mbele ya Bwana Shauri. Akikubali, alionekana mbaya mbele ya watu wake. Wengi wa wale waliotoka kusini walipelekwa kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Huko mtu aliitwa kwa namba ya mkataba wake, na ndipo jina la manamba lilipotoka. Hata baada ya vita vijana wa Ubena na Unyakyusa waliendelea kwenda kwa mkataba, kwa kuwa kodi na bei ya nguo vilikuwa vimepanda.

Jambo la tatu ni wageni. Mwaka 1942 walianza kuletwa Afrika ya Mashariki Wapolandi waliokuwa wamehamishwa na Warusi kutoka kwao, wakapita Uajemi. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, lakini nyingine zilijengwa Ifunda na Kidugala. Watu wa Iringa na Njombe, ambao walizoea kumwona Mzungu akiwa bwana wa boma au mwenye shamba, sasa walimwona akiwa mkimbizi asiye na kwao, akilima bustani na kungoja posho. Baadhi yao walizikwa hukohuko, na makaburi yao yapo mpaka leo. Somo hilo halikuhubiriwa na mtu, lakini kila mwenye macho alilisoma.

KUTOKA NAMBA HADI SAUTI

Wengine husema kwamba askari waliorudi kutoka Burma ndio walioleta uhuru. Tusizidishe chumvi. Wengi wa askari hao walirudi mashambani, wakanunua ng'ombe, wakaoa, wakanyamaza. Badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika sheria ya dunia. Baraza la Mataifa lilikuwa limekufa kwa kushindwa kuzuia vita. Mwaka 1945 ukaanzishwa Umoja wa Mataifa, na mwezi wa Desemba 1946 Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wake. Safari hii maandishi yalisema wazi kwamba nchi iongozwe kuelekea kujitawala au uhuru. Wajumbe walitumwa kuitembelea, wa kwanza mwaka 1948, na wenyeji wakapata ruhusa ya kupeleka malalamiko yao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kueleza jinsi Wameru walivyoondolewa katika ardhi yao. Hakurudishiwa ardhi, lakini mkulima wa Tanganyika alikuwa amesikiwa na dunia.

Tazama sasa mwaka 1954. Tarehe 19 Juni fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini yote mawili yana mzizi katika vita vikuu: la kwanza lilitoka katika mkataba wa vita vya kwanza, na la pili lilipata njia katika udhamini uliotokana na vita vya pili. Mwaka 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini; tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Na Adam Sapi, yuleyule aliyepokea fuvu la babu yake, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge.

Basi hii ndiyo njia tuliyoifuata. Katika vita vya kwanza mtu alikuwa bega tu, bila jina. Katika vita vya pili alikuwa namba. Namba si heshima kamili, lakini mwenye namba huweza kudai mshahara, na mwenye kudai mshahara hujifunza kudai na mengine. Vita havikumpa haki hiyo kama zawadi. Vilimpa mlango, na wenyewe wakapita.

KAZI KWA SHULE NA VIJIJI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu pia hupotea hivyohivyo. Wapagazi wa mwaka 1916 hawapo tena, na watoto wao pia karibu wote wamekwisha kwenda. Lakini wajukuu na vitukuu wapo katika mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, na katika nyumba nyingi bado husemwa, "Babu alikwenda vitani hakurudi." Maneno hayo yakiachwa bila kuandikwa, kizazi kimoja kijacho hakitayasikia.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wazee wa vijiji waanzishe daftari moja katika kila shule. Wanafunzi wawaendee wakubwa kwa adabu, wakaandike majibu ya maswali haya:

1. Nani katika ukoo huu alichukuliwa upagazi, uaskari au umanamba, na alitoka kijiji gani?

2. Je, alirudi? Kama hakurudi, inasemwa alifia wapi na kwa maradhi gani?

3. Majeshi yalipita njia gani hapa kwetu, na ni mahali gani palipopewa jina kwa sababu ya vita?

4. Ni shamba gani hapa jirani lililobadili mwenyewe wakati wa vita, na kabla ya hapo lilikuwa la nani?

5. Ni nani aliyelima, aliyelea watoto na aliyelipa kodi wakati wanaume hawapo?

Yaliyo hakika yaandikwe kuwa hakika, na yanayosemwa tu yaandikwe kuwa yanasemwa. Asiongezwe mtu ambaye hakuwako, wala asiachwe mtu kwa sababu alikuwa maskini au mtumwa. Swali la tano lisirukwe, maana mzigo wa wanawake ulikuwa mzito kama ule wa njiani, na majina yao yameandikwa machache kuliko yote.

Kifungu cha 246 kilichukua miaka 35 kutimizwa, lakini kilitimizwa kwa sababu kilikuwa kimeandikwa. Daftari la shule halina nguvu ya mkataba wa wafalme. Hata hivyo, jina likiisha kuandikwa humo, mwenyewe aweza kudaiwa.